Saa Mbili za Mganga, Mwaka Mzima wa Mgonjwa: Kliniki za Vikundi na Ugonjwa Sugu wa Mapafu Mkoani Mara

Mgonjwa wa kifua sugu anayehudhuria kliniki kila mwezi bila kukosa, na kila mara akapata dakika 10 kamili mbele ya mganga, huwa amepata saa 2 za mganga kwa mwaka mzima. Saa nyingine zote, ambazo ni zaidi ya 8,700, yuko peke yake na mapafu yake: jikoni penye moshi, mwaloni, shambani, juu ya mwamba wa dhahabu, au kitandani usiku wa manane akitafuta pumzi. Katika saa hizo ndiye anayeamua kama atavuta dawa au ataiweka akiba, kama atapanda mlima na ndoo kichwani au atamtuma mjukuu, kama makohozi yaliyobadilika rangi ni jambo la kusubiri au la kumkimbiza zahanati. Mganga hayupo. Swali la makala haya ni namna gani mgonjwa anaweza kuandaliwa kwa saa hizo, na kama kuwakutanisha wagonjwa 10 au 12 na mtoa huduma mmoja kwa muda wa saa 2 kunaweza kufanya kazi hiyo vizuri zaidi kuliko dakika 10 za faragha. Tumeitazama Mara, na hasa Musoma, Bunda na Butiama, kwa sababu mambo yanayoharibu mapafu yamekusanyika huko kwa namna isiyo ya kawaida.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, ambao katika mafaili ya hospitali huandikwa kwa herufi COPD, ni hali ambayo mirija ya hewa imevimba na kusinyaa, na vifuko vidogo vya hewa vimelegea au kuharibika, kiasi kwamba hewa huingia lakini hutoka kwa taabu. Tofauti yake na pumu ni kwamba mziba wa pumu hufunguka, wakati mwingine kabisa, ilhali mziba huu hubaki hata baada ya dawa. Kipimo chake cha uhakika ni spirometa: mgonjwa huvuta dawa ya kufungua mirija, kisha hupuliza kwa nguvu zake zote, na ikiwa hewa anayoitoa katika sekunde ya kwanza ni chini ya asilimia 70 ya hewa yote anayoweza kuitoa, mziba upo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu uliua watu milioni 3.5 mwaka 2021, ukishika nafasi ya nne miongoni mwa visababishi vya vifo duniani. Kati ya wanaokufa kabla ya miaka 70, karibu asilimia 90 wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Wengi wetu tulifundishwa kwamba huu ni ugonjwa wa wavuta sigara wa Ulaya. Afrika Mashariki imekanusha jambo hilo. Katika wilaya ya Masindi nchini Uganda, Frederik van Gemert na wenzake walipima watu wenye umri wa zaidi ya miaka 30 na kuchapisha matokeo yao mwaka 2015: asilimia 16.2 walikuwa na mziba huo. Nchini kwetu, utafiti ulioongozwa na Ng'weina Magitta katika jamii ya vijijini, uliochapishwa mwaka 2018, ulipata asilimia 17.5 miongoni mwa watu wa miaka 35 na kuendelea. Ni karibu mtu mmoja katika kila sita. Wengi wao hawajawahi kuambiwa jina la ugonjwa wao.

Mapafu ya watu wa Mara

Atakayetaka kujua ugonjwa huu unatoka wapi mkoani Mara na asimame jikoni kwanza. Mafiga matatu, kuni zisizokauka vizuri, paa la chini na dirisha dogo au lisilokuwepo: mwanamke anayeanza kupika akiwa na miaka 10 na kuendelea hadi 60 amevuta moshi kwa nusu karne bila kuwahi kushika sigara. Mtoto aliyembeba mgongoni ameuvuta pamoja naye. Serikali ilizindua mwaka 2024 Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kufikisha asilimia 80 ya Watanzania katika nishati safi ifikapo 2034. Lengo ni jema. Lakini mama ambaye mapafu yake yameshaharibika leo anahitaji msaada mwingine unaokwenda sambamba na huo.

Kando ya Ziwa Viktoria kuna moshi wa pili, ule wa kubanika samaki. Mwanamke anayebanika sangara kwa biashara hukaa juu ya moshi si kwa muda wa kupika chakula cha jioni, bali kwa saa nyingi, na ndiyo riziki yake. Kumwambia "epuka moshi" kisha kumfungia faili ni kumwambia aache kula. Kwenda upande wa Butiama, eneo la Buhemba lina historia ndefu ya dhahabu, na wachimbaji wadogo huponda na kusaga mawe makavu yenye silika. Vumbi la silika huacha makovu mapafuni, na mapafu yenye makovu hayo huwa shamba jepesi la vimelea vya kifua kikuu. Bunda ni nchi ya pamba, na vumbi la pamba katika vinu vya kuchambulia huwabana kifua baadhi ya wanaolivuta kwa miaka. Musoma nayo ilikuwa na kiwanda chake cha nguo, MUTEX, ambacho wazee wengi wa mji huo walikifanyia kazi. Tumbaku ipo pia, ya sigara, ya kiko na ya kusokota.

Halafu kuna kifua kikuu chenyewe. Mgonjwa hutibiwa miezi 6, huambiwa amepona, na kweli vimelea wamekufa; lakini pafu lililoliwa halioti upya. Mwaka au miaka miwili baadaye anarudi akikohoa na kutweta. Hupimwa makohozi, jibu hasi. Hupimwa tena, hasi. Na wakati mwingine, kwa kukosa maelezo mengine, huanzishiwa dozi ya kifua kikuu kwa mara ya pili au ya tatu. Kijijini jina la ugonjwa wake limeshatolewa, kikombe chake kimetengwa, na yeye mwenyewe amejifunza kukohoa akiwa amegeukia ukuta. Aibu hiyo ina uzito wake katika hoja ya vikundi, na tutairudia.

Kikundi si darasa

Watoa huduma wengi watakaposikia "kliniki ya kikundi" watafikiri juu ya mabenchi ya asubuhi: wagonjwa 60 wamekaa, muuguzi anasimama mbele, anatoa elimu ya afya kwa dakika 15, anauliza kama kuna swali, hakuna swali, foleni inaanza. Hilo ni tangazo. Kliniki ya kikundi ni ziara ya matibabu kamili, yenye vipimo, uchunguzi, dawa na tarehe ya kurudi, isipokuwa sehemu kubwa ya mazungumzo hufanyika mbele ya wenzako. Mfumo huu kwa sura yake ya sasa ulianzishwa na daktari John Scott huko Colorado, Marekani, mwaka 1991, kwa ajili ya wazee wenye maradhi sugu waliokuwa wakija hospitali mara kwa mara bila kuridhika.

Lakini Mtanzania hana haja ya kwenda Colorado kujifunza kukaa duara kwa ajili ya afya. Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya "Mtu ni Afya". Watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi vya kusikiliza redio, kila kikundi na kiongozi wake aliyefunzwa na kijitabu chake, wakajadili malaria, kichocho, safura, kuhara damu na kifua kikuu. Kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Nguvu ya kampeni ile haikuwa redio peke yake. Ilikuwa ni yale mazungumzo baada ya redio kuzimwa, watu wa kijiji kimoja walipolazimika kukubaliana nani atachimba nini na lini. Ni haki kuikumbuka Butiama kwa sababu nyingine nyingi, lakini mtu anayeanzisha kikundi cha wagonjwa huko leo anafanya kazi katika kijiji cha kiongozi ambaye serikali yake ilifanya jambo hilo kwa nchi nzima.

Mfano wa karibu zaidi kwa wakati na kwa mahali uko ng'ambo ya mpaka, magharibi mwa Kenya. Mpango wa AMPATH, unaohusisha Chuo Kikuu cha Moi na Hospitali ya Rufaa ya Moi mjini Eldoret, uliwagawa wagonjwa 2,890 wa shinikizo la damu na kisukari, katika maeneo 24, kwenye makundi manne: huduma ya kawaida, huduma ya kawaida pamoja na vikundi vya kuweka na kukopa, kliniki za vikundi, na kliniki za vikundi zilizounganishwa na kuweka na kukopa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Baada ya mwaka mmoja, shinikizo la juu lilikuwa limeshuka kwa 11.4 kwa waliopata huduma ya kawaida, na kwa 16.4 kwa waliopata vyote viwili. Watafiti wenyewe walikiri kwamba tofauti hiyo haikufikia kiwango cha kitakwimu walichojiwekea, ingawa ikiwa ni ya kweli ina maana kwa mgonjwa. Nawasifu kwa ukweli huo. Kwa mapafu tusichukue namba zile kama ahadi. Tuchukue jambo moja ambalo watu wa VICOBA wa Bunda wangeweza kutueleza bila utafiti: mtu huja kwenye kikundi kwa urahisi zaidi ikiwa kikundi kina jambo lake la mfukoni pia.

Kuhusu mapafu yenyewe, somo limetoka Mulago, Kampala. Rupert Jones, Bruce Kirenga na wenzao waliwakusanya watu 34 waliobaki na mapafu mabovu baada ya kupona kifua kikuu, wakawapa programu ya mazoezi na elimu mara mbili kwa wiki kwa wiki 6, kwa vikundi, bila vifaa vya gharama. Matokeo ya 29 yalichambuliwa. Umbali waliomudu kutembea katika kipimo cha kuongeza kasi ulitoka wastani wa mita 299 hadi 377. Pafu halikupona, kilichobadilika ni misuli, ujasiri na namna ya kutumia pumzi iliyobaki. Hayo yanalingana na mapitio makubwa ya Cochrane ya mwaka 2015, yaliyojumuisha majaribio 65 na wagonjwa 3,822: mazoezi yenye usimamizi hupunguza kutweta na uchovu, na humrudishia mgonjwa hisia ya kwamba anautawala ugonjwa wake.

Asubuhi moja chini ya mwembe

Tuichore siku ya kikundi jinsi inavyoweza kwenda katika kituo cha afya cha kawaida, chenye mganga msaidizi, muuguzi na mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Wanachama ni 12. Kabla mtu yeyote hajaketi, kila mmoja huulizwa maswali ya kifua kikuu: kikohozi kipya au kilichozidi, homa za jioni, jasho la usiku, kupungua uzito, damu katika makohozi. Anayejibu ndiyo hupelekwa pembeni, hupewa barakoa na kikopo cha makohozi, na huonwa peke yake siku hiyo. Sharti hili halina msamaha. Kukusanya watu wanaokohoa katika chumba kimoja kilichofungwa, katika mkoa wenye wachimba dhahabu na wagonjwa wa zamani wa kifua kikuu, ni kuwaambukiza kwa jina la kuwatibu. Kwa hiyo kikundi hiki hukaa nje, upenuni au chini ya mti, upepo wa ziwa ukipita.

Muuguzi hupima uzito, shinikizo na oksijeni ya damu kwa kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni. Kila mgonjwa huandika namba zake katika daftari lake. Asiyejua kuandika huandikiwa na mwenzake. Kisha huja duru ya kwanza, na swali ni moja tu: mwezi huu ni kitu gani ulishindwa kukifanya kwa sababu ya pumzi? Majibu ya swali hili hayapatikani katika dakika 10 za faragha. Babu mmoja atasema hawezi tena kufika kanisani kwa sababu ya kilima. Wa pili atacheka, kisha atasema yeye hufika, kwa kuwa hupanda hatua 20 na kusimama kana kwamba anamsalimia mtu, hata kama hakuna mtu. Ushauri huo mganga angeuita kugawa nguvu, na babu asingeushika. Akiusikia kwa mzee mwenzake anayekijua kilima kile kile, ataujaribu Jumapili.

Baada ya hapo kila mtu hutoa dawa zake zote mfukoni na kuzitandika juu ya kitambaa. Hapa ndipo mambo hujitokeza. Pampu ya salbutamoli, ambayo wengine huiita inhela, imekwisha tangu mwezi uliopita, lakini mwenyewe hajui kwa sababu bado inatoa gesi. Vidonge vya prednisoloni kutoka duka la dawa muhimu vimenywewa kila kifua kilipobana, mwaka mzima, na sasa sukari imepanda na mifupa inauma. Kuna majani ya kuchemsha, na mganga mwenye busara huyauliza kwa heshima, hayacheki.

Kisha kila mmoja huonyesha jinsi anavyotumia pampu yake, wenzake wakitazama. Wengi hukosea, na kosa lao ni lile lile: hubonyeza kabla ya kuvuta, dawa ikaishia ulimini. Njia sahihi haina ugumu ikifanywa kwa utulivu. Tikisa pampu. Toa pumzi yote nje. Bana midomo kuzunguka mdomo wa pampu. Anza kuvuta taratibu, bonyeza mara moja, endelea kuvuta hadi mwisho, kisha zuia pumzi ukihesabu hadi 10. Subiri nusu dakika au zaidi kabla ya kurudia. Ikiwa dawa ni ya jamii ya beklometasoni, sukutua na utemee maji, ili kinywa kisiote fangasi.

Asiyeweza kulinganisha kidole na pumzi, na wazee wengi hawawezi, hutengenezewa chupa. Ndiyo, chupa ya maji ya plastiki ya nusu lita. Heather Zar na wenzake mjini Cape Town walionyesha mwaka 1999, kwa watoto wenye pumu iliyowabana, kwamba chupa hiyo ikizibwa vizuri hufungua mirija sawa na chombo cha dukani kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Kitako cha chupa hutobolewa kwa waya uliopashwa moto, tundu likitosha mdomo wa pampu barabara. Pengo hufungwa kwa gundi au utepe. Pampu hukaa kitakoni, mgonjwa huweka shingo ya chupa mdomoni, pampu hubonyezwa mara moja, naye huvuta pumzi taratibu mara kadhaa kutoka ndani ya chupa. Chupa mpya hupulizwa dawa mara chache kwanza ili plastiki isiinyonye, na huoshwa kwa maji ya sabuni bila kufutwa kwa kitambaa. Kikundi cha watu 12 hutengeneza chupa 12 asubuhi moja. Kwa maoni yangu, hata kama kliniki ya kikundi isingefanya kitu kingine chochote, kazi hii peke yake ingetosha kulipia muda wake.

Mazoezi hufuata: kuketi na kusimama kwenye kiti bila kutumia mikono, kunyanyua chupa zilizojazwa mchanga, kutembea kuzunguka uwanja. Mgonjwa hufundishwa kutoa pumzi polepole kwa midomo iliyobanwa kama anayepuliza mshumaa bila kutaka uzimike, na kuinama mbele mikono ikiwa magotini anapotweta. Anaruhusiwa kuhema. Wengi wameogopa kuhema kwa miaka, wakaketi, na misuli ikanywea, na kadiri ilivyonywea ndivyo walivyohema zaidi. Kuuvunja mzunguko huo mbele ya wengine wanaohema vile vile huondoa ile aibu tuliyoitaja. Aliyezoea kukohoa akiutazama ukuta anakohoa katika duara, akifunika mdomo kwa kiwiko, na hakuna anayehama kiti.

Mwishoni, na kwa faragha, mganga humwona kila mmoja kwa dakika chache: kusikiliza kifua, kuandika dawa, kuuliza yale ambayo duara haliyafai. Virusi vya UKIMWI havizungumzwi kwenye duara ila mwenyewe akitaka. Vivyo hivyo mambo ya chumbani. Ugonjwa huu hukata pumzi ya wanandoa pia, na hakuna mama atakayelisema hilo mbele ya mkwewe.

Pale ambapo kikundi kinaweza kudhuru

Kuna utafiti mmoja ambao kila anayehubiri kujitunza anapaswa kuusoma mara mbili. Katika hospitali 20 za maveterani wa jeshi nchini Marekani, wagonjwa 426 wa mziba sugu waligawanywa: nusu walipata mafunzo ya kujitunza, ya mmoja mmoja na ya kikundi, pamoja na mpango wa kutumia dawa wenyewe wanapozidiwa na simu za kuwafuatilia, nusu huduma ya kawaida. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati, kwa sababu katika kundi la mafunzo walikuwa wamekufa watu 28, dhidi ya 10 katika kundi lingine. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012, na sababu ya tofauti hiyo haikuweza kuelezwa kikamilifu. Tafiti nyingine za aina hiyo zimeonyesha faida. Lakini funzo kwa zahanati iliyo mbali na hospitali ni zito: kumpa mgonjwa antibaiotiki za kuweka nyumbani na kumwambia "ukizidiwa, anza" ni hatari ikiwa hajui ni wakati gani kujitunza kunapaswa kukoma.

Kwa hiyo kikundi kijifunze kwanza dalili za kukimbia, kabla ya dalili za kuvumilia. Mgonjwa asiyeweza kumaliza sentensi kwa pumzi moja, mwenye midomo au kucha zinazogeuka rangi ya bluu au kijivu, anayesinzia au kuchanganyikiwa isivyo kawaida, anayetweta akiwa ameketi hata baada ya kuvuta dawa mara kadhaa, anayekohoa damu, au aliyevimba miguu ghafla, haulizi kikundi. Anapelekwa kituo chenye oksijeni saa ile ile. Kwa wa Musoma mjini ni safari fupi ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, Kwangwa. Kwa wa visiwani au wa vijiji vya ndani vya Bunda, swali la pikipiki ya nani, mafuta ya nani na simu ya nani lijibiwe katika kikao, majina yakiandikwa, kabla usiku wenyewe haujafika. Hapo ndipo mfuko wa kuweka na kukopa unapopata kazi yake ya kwanza. Ikiwa safari itaendelea hadi Bugando, Mwanza ni zaidi ya kilomita 200.

Makohozi yaliyoongezeka na kugeuka kijani au manjano, pamoja na kutweta kulikozidi, ni dalili ya kati: mgonjwa aonwe siku hiyo au inayofuata. Makohozi meupe ya asubuhi ni desturi ya ugonjwa.

Lini, na nani akae na nani

Tarehe ya kikundi haifai kupangwa na kalenda ya ofisi peke yake. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukipevuka hupumzika. Kikundi cha mwaloni kikutane mbalamwezi, na wanaume watakuja. Bunda wakati wa kupanda na wa kuvuna pamba mahudhurio yatashuka, na ni heri kikao kifupishwe kuliko kuwaandika wagonjwa kuwa watoro. Siku ya mnada ni nzuri kwa wanaotoka mbali, kwa kuwa nauli ni moja kwa safari mbili.

Ukaaji nao una adabu yake. Muuguzi wa miaka 25 hawezi kumsahihisha mzee wa Kikurya au wa Kizanaki mbele ya vijana na kutegemea kusikilizwa; atafanya vizuri zaidi akimwamkia, akimwomba mzee mwingine anayejua kutumia pampu aonyeshe, yeye akikazia. Akina mama wanaopika na kubanika samaki wapewe, inapowezekana, kikundi chao, maana wanapochanganywa na wanaume mazungumzo hugeuka kuwa ya sigara, na moshi wa jikoni husahaulika. Wakiwa wenyewe huulizana mambo ya maana: nani amehamishia mafiga uani, nani amepandisha paa la jiko, kuni za mti gani zina moshi mdogo, ni nani anayeweza kukaa upande unakotoka upepo wakati wa kubanika. Hakuna kati ya hayo linalomaliza moshi. Yote huupunguza. Wachimbaji nao wana lao: kulowesha mwamba kabla ya kuponda, na kujua kwamba kitambaa kilichofungwa puani hakizuii vumbi la silika.

Kwa lugha, Kiswahili kitatosha kwa wengi, lakini bibi wa Kijita au wa Kikwaya anapoeleza jinsi kifua kinavyombana, na aachwe aeleze kwa lugha yake, jirani akitafsiri. Maneno ya kutweta ni mengi katika lugha hizi kuliko katika fomu zetu.

Linabaki suala la wale wasioweza kufika. Aliyefikia hatua ya kutweta akivaa shati hatapanda pikipiki ili kuhudhuria kikao cha saa 2, na akikosekana mara mbili kikundi kidhani kwamba amezidiwa, si kwamba amechoka nacho. Wanachama wawili wanaoishi jirani, pamoja na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, wampelekee kile kifaa cha kidoleni, watazame pampu yake kama ina dawa, na waulize nani anawasha moto katika nyumba anamolala. Namba wanazozipata ziandikwe katika daftari lile lile, na simu ipigwe kituoni siku hiyo hiyo, kabla ya kikao cha mwezi unaofuata.